Malalamiko Kuhusu Kunyimwa Chupa ya Tano

Kwa Daktari Fortunata, niliyekufundisha darasa la tano ukiwa dawati la mbele,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa pale ulipopima. Nalalamikia maneno yako ya Jumatatu, kwamba dawa ya mitishamba ninayonunua kwa Haruna pale Kariakoo inaniharibu ini, na kwamba nisipoiacha na kulazwa, nitakufa. Sikubaliani nawe kwa sababu zifuatazo:

1. Dawa hiyo ni ya kusafisha ini. Imeandikwa hivyo kwenye chupa. Sijapata kuona sabuni ikachafua shati.

2. Ulisema macho yangu ni ya njano kwa sababu ini limeumia. Haruna alikwisha kunieleza kuwa huo ni uchafu unaotoka. Sasa umefika kwenye kucha, maana yake dawa inachapa kazi.

3. Wewe ulihitaji vichupa vitatu vya damu yangu ndipo ujue ninaumwa nini. Kipaza sauti cha Haruna hutaja magonjwa arobaini bila kumchoma mtu sindano, na kwa miaka sita hakijabadilisha hata neno moja. Wewe Jumatatu ulisema "labda" mara mbili.

4. Mimi ni mwanachama wa Simba kwa miaka arobaini na mmoja. Jana, mtaa wa Msimbazi, muuza viatu mmoja alinitazama machoni akasema, "Mzee, karibu Yanga." Mke wangu Badria alicheka mpaka akakaa chini. Njano hii lazima itoke yote, na chupa ya tano ndiyo ya kumalizia. Kuniachisha dawa sasa ni kutaka nizikwe na rangi za watani wetu.

Kwa hiyo naomba kibali cha kumaliza dozi. Ili usiwe na shaka, nimemtumia Haruna ujumbe aje kwako kesho, anywe kikombe kimoja mbele yako.

Wasalimie wauguzi wote, pamoja na yule aliyeniuliza umri kabla ya kuniamkia.

Mwalimu wako ambaye bado anakutegemea,
Abdulswamad Fikirini

Tanbihi: Haruna amejibu sasa hivi. Ameandika, "Shikamoo mwalimu. Mimi hiyo nauza tu, siinywi. Nina watoto wadogo." Badria ameshafunga mfuko wa nguo, na tunakuja. Naomba kitanda kile ulichonitajia. Shuka liwe la rangi yoyote, ila likiwa la njano nitalala chini.