Noti za Kaisari

Mshamu alipowaona watu wa Mtunda wamejaa barazani kwa Jumbe Mwinyimvua, nyuso zimewasawajika, alijua hapo pana riziki. Akamwuliza mtoto aliyepita njiani, akaambiwa mwezi ukiandama karani wa kodi anakuja. Moyo ukamruka kwa furaha, kisha ukamruka tena kwa hofu, maana hata yeye hakuwa na cheti cha kodi cha mwaka ule. Asiye na cheti alipelekwa kuchimba barabara ya Kibiti, na mgongo wa Mshamu, kwa jinsi alivyoujua, haukuumbwa kwa ajili ya sururu.

Basi kichakani akaingia Mshamu wa Dimani, akatoka Mwalimu Matayo. Ualimu wake wote aliupata kwa kupika uji kwenye misheni moja huko kusini, miezi minane, mpaka sukari ilipoanza kuondoka bila kuaga. Mahubiri ya padre yalimfikia kwa dirisha la jikoni. Alishika nusu ya kila neno, maana nusu nyingine alikuwa anakoroga.

"Jamaa zangu," akasema, "padre amepatana na Serikali. Atakayetoa kodi leo mkononi mwangu, nusu yatosha. Namwandika humu." Akakipiga kofi kitabu chake kisicho na jalada. Kilikuwa daftari la mayai ya misheni.

"Sisi Waislamu," akasema Kibwana, mkata mikoko. "Padre ana huruma gani na sisi?"

"Neno lenyewe ni la Nabii Isa. Si wenu huyo?"

Watu wakatazamana. Kweli, ni nabii wao.

"Wenye kijicho walimwuliza, kodi tulipe au tusilipe? Akataka aonyeshwe fedha. Chapa hii ya nani? Wakasema, ya Kaisari. Akawaambia, basi kilicho chake kirudi kwake."

Yalimtoka vizuri hata Mshamu mwenyewe nusura alipe.

Akainuka bibi mmoja mfupi, Bi Mwantum, mjane mwenye shamba la mpunga kando ya mto. "Kaisari? Huyu Kaisari wa Wadachi?"

Mwenye akili angekohoa tu hapo. Lakini Mshamu hakupata kusikia Kaisari mwingine duniani isipokuwa huyo aliyewatawala juzi, kabla ya Mwingereza kumfukuza.

"Huyo huyo, Bibi. Kwani wako wangapi?"

"Alhamdulillahi! Ningoje, mwanangu, usiondoke."

Alirudi na mkoba wa ukindu, akatoa bunda la karatasi zilizonuka moshi. "Wakati wa vita askari wake walichukua mpunga wangu, magunia tisa, wakaniachia noti hizi. Alipoingia Mwingereza nikazipeleka dukani, wakanicheka. Miaka yote hii sijui nimpe nani. Haya, Mwalimu, chapa ya nani?"

Mshamu akatazama. Ndege mwenye makucha, na maandishi ya Kidachi. "Ya... ya Kaisari."

"Basi kirudi kwake. Niandike."

Baraza likawa tupu ghafla. Kila mtu alikimbilia kwake, kila mtu akarudi na karatasi zake.

"Ngojeni!" Mshamu akalia. "Kaisari kashindwa! Kodi sasa ni ya Mfalme Joji!"

"Nabii alimtaja Joji?" akauliza Kibwana.

"Hakumtaja."

"Basi alikosea?"

Nyuso arobaini zikamgeukia. Mshamu alikuwa mwongo, lakini si mwongo wa kutaka kufa. "Hasha! Mitume hawakosei." Akakaa kitako, akaandika majina katikati ya mayai. Alasiri ilipofika, hapakuwa na tajiri wa rupia za Kaisari kama yeye Rufiji nzima, wala hakuwa na cha kununulia muhogo mmoja.

Watu wakatawanyika. Hapo ndipo aliposikia kwamba walikuwa wanacheka.

Bi Mwantum hakucheka. Aliitazama miguu ya Mwalimu iliyopasuka visigino, akaenda ndani, akamletea kata ya maji na wali kwa kambale, kichwa cha samaki kimeelekezwa upande wake, kama afanyiwavyo mgeni.

"Kula kwanza." Akamwacha mpaka tonge la tatu. "Cheti chako cha kodi kiko wapi, mwanangu?"

Mshamu akautafuta uongo, na kwa mara ya kwanza hakuukuta mahali pake. "Sina, Bibi."

"Nilidhani hivyo. Mwenye cheti hahangaiki hivi juani."

"Na wewe ulijua Kaisari hayupo?"

"Nilimwona akienda! Nimezeeka tu, sijapumbaa. Kodi ya Mwingereza tutalipa, tunanung'unika tunalipa. Njoo univunie mpunga. Senti hamsini kwa siku, siku kumi na mbili, chakula juu yangu. Kodi yako itatimia. Jumbe nitasema naye akuvumilie."

Mpunga wa huko huvunwa kwa kisu kidogo, shuke moja moja. Siku ya tatu Mshamu alijinyoosha, akashika kiuno, akatazama kwa mapenzi kivuli cha dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia ndege.

"Bibi, misheni nilisikia na neno jingine. Kila mwenye mamlaka kawekwa na Mungu, na raia amtii."

"Neno zuri hilo," akasema Bi Mwantum kutoka juu ya dungu. "Na shamba hili mwenye mamlaka nani?"

Mshamu akafikiri sana. "Wewe, Bibi."

"Basi inama, mwanangu."

Akainama.