Mgeni Ndani ya Kompyuta Yangu

Jumatatu, 10 Machi

Leo Annonciata ameegemeza jembe la pili mlangoni. Jipya. Mpini mrefu, sawa na kimo changu. Sikuuliza kitu. Mke wangu naye hakueleza. Jembe lilijieleza lenyewe.

Habari ni hii. Parokia ina chumba hapa Misiera, kambini kwetu. Kina sola, kina meza, kina hata pazia. Jumapili baada ya misa, kamati itamkabidhi mtu wa kufundisha vijana kompyuta. Sharti ni moja: awe na kompyuta mbili zinazofanya kazi. Mimi ninayo moja. Régis, yule Mrundi anayechaji watu simu, anazo mbili.

Annonciata amesema nikikosa chumba, kompyuta inaingia sandukuni na mimi naingia shamba la maharagwe, kila asubuhi mpaka mavuno. Mtu niliyesoma Uvira, tena kwa Kifaransa, niinamie maharagwe! Haiwezekani. Kompyuta ya pili nitaipata. Sijui wapi, lakini akili ni mali.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda Mbarara kwa binamu yangu Parfait, anayetengeneza kompyuta kule Kakiika. Nilitaka aniazime moja. Amekataa. Amesema ile niliyoazima mwaka juzi bado anaisubiri. Hiyo ndiyo ninayoitumia. Sikuona sababu ya kurefusha mazungumzo.

Ila amenionyesha maajabu. Kompyuta ndani ya kompyuta! Inaitwa mashine pepe. Kompyuta yako inakuwa mwenyeji, ile ya ndani inakuwa mgeni. Mgeni anafungua dirisha lake, anaweka faili zake, anajiona yuko kwake kabisa. Parfait amenipa mgeni kwenye flashi: Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, wa aina nyepesi, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine zilizozeeka.

Amenisisitizia jambo moja. Mgeni huyu anakula kidogo. Kompyuta yangu ina giga nne za memori, nimpe nusu giga tu, zingine ni za mwenyeji, la sivyo wote wawili watalala njaa. Nimeitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Moja na moja ni mbili. Régis kwisha.

Jumatano, 12 Machi

Mgeni amefika! Nimempa nusu giga kama nilivyoambiwa, akafunguka vizuri. Dirisha dogo, meza safi ya bluu, saa pembeni. Saa yake iko nyuma, lakini ametoka safari.

Nimemwita Annonciata aje aone kompyuta ya pili. Amekuja na mikono ya unga. Ametazama kwa muda mrefu. Ameuliza kama inaweza kulima. Nimemwambia hiyo si kazi yake. Amesema basi mko wawili, akarudi kusonga bugari lake.

Wivu tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kwa Régis kupeleleza. Nimejifanya simu yangu imeisha moto, nataka kuichaji. Kompyuta zake ni za kusikitisha. Ya kwanza haina betri, waya ukitikisika kidogo inazimika. Ya pili ni nzee sana. Régis mwenyewe amekiri kwamba Jumapili anaiwasha akienda misa, na akirudi anaikuta ndiyo kwanza iko tayari. Nimecheka kimoyomoyo, kwa sababu ni Kwaresima.

Ameniuliza yangu ya pili iko wapi. Nimesema iko nyumbani, inapumzika.

Kisha akaharibu siku yangu. Akanikaribisha chai. Katika sahani kulikuwa na maandazi mawili, moja kubwa na moja dogo. Kubwa akanisogezea mimi, dogo akabaki nalo. Mgeni ni mgeni, akasema.

Nikalirudisha andazi sahanini. Adui yangu ananipa kubwa, na mimi, mtoto wa Kivu, nimempa mgeni wangu nusu giga! Kesho kutwa kamati nzima itaona. Watasema kwa Anatole wageni wanalala njaa. Mama yangu atasikia. Yuko Uvira, lakini atasikia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerekebisha ile aibu. Kuna mstari wa kugawa memori, unauvuta kwa mshale. Mwanzo wake ni kijani, mwisho wake ni mwekundu. Nimeuvuta mpaka kwenye nyekundu kabisa. Maandishi ya onyo yakatokea. Sikuyasoma. Mwenye nyumba huwa halalamiki mbele ya mgeni, na kama analalamika hana adabu.

Kwetu mgeni alikuwa anapewa paja na firigisi. Sisi watoto tulipata mchuzi, na hakuna aliyekufa. Basi leo mwenyeji apate mchuzi. Isitoshe ni Kwaresima, afunge kidogo.

Sikuiwasha kujaribu. Mtu ukimkaribisha vizuri, humwamshi kumuuliza kama ameshiba.

Annonciata ameshinda akinoa jembe. Nimemwambia anapoteza jiwe.

Jumapili, 16 Machi

Siku mbaya. Ngoja niandike kabla sijasahau kwamba si kosa langu.

Kamati ilikuwa ya watu wawili: mama Godeberthe, mwenyekiti, na mzee Rwakabuba, ambaye huwa anasinzia katika mikutano yote. Nilitegemea asinzie. Régis akaweka zake mbili mezani. Ile nzee alikuwa ameiwasha kabla ya misa, ikawa tayari, inameremeta. Mjanja yule.

Mimi nikaweka yangu moja. Mama Godeberthe akauliza ingine iko wapi. Nikasema iko ndani. Akainama, akachungulia chini, akachungulia na nyuma fasi ya kuingiza waya. Nikamweleza habari za mwenyeji na mgeni. Akauliza kama huyo mgeni alipitia Kabazana, kwenye mapokezi ya wakimbizi, kuandikishwa, maana sisi wote tulipitia. Watu wakacheka. Nikacheka pia, kwa heshima, nikabonyeza.

Dirisha likafunguka nusu. Mshale ukaganda. Feni ikaanza kuhema kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Tukangoja. Mama Godeberthe akauliza mbona mgeni hatoki. Nikasema anakula. Tukangoja tena. Akasema kwao mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikasikia Annonciata nyuma yangu akisema jembe lipo.

Hapo ndipo mzee Rwakabuba akafumbua macho. Akasema yeye ana swali dogo. Wakija watoto wawili kujifunza, mmoja atakaa hapa mbele ya mashine. Wa pili atakaa wapi? Naye ataingia ndani?

Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Wiki nzima, sikulifikiria hata kidogo. Nilifungua mdomo, na kompyuta ikanisaidia: ikazimika.

Chumba amepewa Régis. Hata pazia. Nilitembea mpaka nyumbani nikitazama chini, na nasema kweli, niliumia. Nilikuwa nimeshachagua fasi ya kuweka kiti changu.

Jumanne, 18 Machi

Mgongo! Viganja! Jana maharagwe, leo maharagwe. Annonciata anaimba akilima. Mimi siimbi.

Mchana Régis amekuja mpaka shambani. Ameomba ile flashi ya Parfait. Anataka Linux nyepesi aiweke moja kwa moja kwenye ile kompyuta yake nzee, bila mwenyeji, peke yake. Nimemhurumia, hajui mambo makubwa. Nimempa. Jioni amerudi anacheka. Sasa inawaka kabla hajamaliza ishara ya msalaba.

Amesema vijana ni wengi, anahitaji mwalimu wa pili, kila Alhamisi. Nije mimi na kompyuta yangu, kwa sharti moja: nisiingize mgeni. Annonciata amejibu kabla yangu. Amesema nitakuja, na Alhamisi jembe litapumzika. Nimemshukuru Régis kwa mikono miwili, na kwa kweli nilikuwa karibu kulia.

Lakini nimekaa nikafikiri. Régis ana mbili. Na yangu ikiwemo, chumba kina tatu, halafu mwalimu mkuu ni nani? Yeye. Kwa sababu ya hesabu tu! Na mgeni wangu alishindwa kwa nini? Alikuwa peke yake, hakuna wa kuzungumza naye. Linux hiyo ni nyepesi, hata yenyewe inaweza kukaribisha. Nitaweka mgeni ndani ya mgeni. Hapo nitakuwa na tatu mimi mwenyewe.

Alhamisi hii. Na safari hii yule wa kwanza nitampa giga zote nne bila kubakiza, maana naye atakuwa na mgeni wa kulisha.