Mchumba wa Rondoni Anayepokelea Mizigo Usagara

Mabatini, Mwanza
9 Machi 1999

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie mapenzi ya kompyuta, yaliyoingia mjini kwetu pamoja na mitumba, tena kwa ukaguzi mdogo zaidi.

Mjukuu wangu Dorcas, wa kidato cha nne, amepata mchumba kwenye duka la intaneti. Hawajawahi kuonana. Anajiita Daktari Jonathan. Juzi nilimkuta Dorcas akitia ada yake ya mtihani kwenye bahasha ampelekee. Nimeizuia.

1. Daktari anaandika kwamba anaishi "Rondoni". Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, niko Mabatini mwaka wa thelathini na moja nikiitwa mgeni, na r hiyo iliyokalia kiti cha l naijua. Haijavuka hata ziwa.

2. Anasema mvua za Rondoni zimechelewa, pamba inakauka. Dorcas akaniuliza, "Kwani babu, Wazungu hawalimi?" Namlaumu mwalimu wa jiografia.

3. Zawadi zake zimekwama forodhani. Ili zitoke, ada ipelekwe kwa basi hadi njia panda ya Usagara, hapo nje ya mji wetu, kwa mjomba wake. Zitoke Uingereza, zifike Usagara, zishindwe kufika Mabatini!

4. Enzi zetu barua ya mapenzi ilisubiri meli, na mtu alipata siku nne za kurudiwa na akili. Yangu ilifika kisiwani mwenyewe keshaolewa. Lakini haikuwa na kosa hata moja la tahajia.

Kwa hiyo naiomba Serikali iamuru kila barua pepe ya mapenzi kwa mwanafunzi isomwe kwanza na mzee aliyesoma. Sisi hatudanganyiki. Jana nimemwandikia Daktari mwenyewe, nikijifanya Dorcas, ili nimnase.

Wasalimie wote ofisini, hasa wanaosahihisha chapa; kazi yao naionea huruma.

Ni mimi msomaji wako wa kila Jumamosi,
Mihayo Chenge

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, mwenye duka kaniletea jibu: "Shikamoo babu. Nimejua ni wewe, Dorcas hawekagi nukta." Nimeitikia marahaba, ningefanyaje? Kumbe ni kijana mwenye adabu. Amekiri makosa yake ya lugha, akaomba nimwazime kamusi yangu ajirekebishe. Nimeipeleka stendi asubuhi hii, na nauli ya kuirudisha nimeiweka ndani. Dorcas aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akachukua bahasha yake, akaenda kulipa ada shuleni.