Kofia ya Mzee Mwinyikondo

Jumapili, 31 Mei 1953. Temeke.

Ramadhani kumi na nane. Mauwa hayupo. Hizo ndizo habari mbili za chumba hiki, na ya tatu ni kofia.

Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu aliondoka Rajabu, akaenda kwa baba yake Kinondoni. Sababu ni cherehani yake. Niliibadilisha kwa mabata kumi na mawili bila kumwambia. Mpango ulikuwa mzuri, mabata ndiyo hayakuwa mazuri. Walikufa sita, sita wakaingia bondeni wakapata maisha mengine. Aliponiuliza cherehani iko wapi, nikamwambia imekwenda kutiwa mafuta. Ikatiwa mafuta wiki tatu. Alipoujua ukweli hakugombana. Alikunja nguo zake moja moja, akaaga. Ningependa agombane.

Mkwe wangu, Mzee Mwinyikondo, alinitumia salamu: hataki kitu kwangu, anataka kunisikia. Nimezitafakari sana salamu hizo. Mtu asemaye hataki kitu, anataka kitu. Kwa hiyo namshonea kofia ya mkono, avae siku ya Idi. Yeye mwenyewe ni fundi wa kofia, Kinondoni nzima wanamjua. Mwingine angeogopa. Lakini mganga hajigangi: kofia anayovaa mzee yule imechakaa mpaka imekuwa rangi ya chai. Nitamvisha, atafurahi, Mauwa atatoka ndani. Wala sitalazimika kusema neno.

Bi Tabu, mwenye nyumba wetu, aliponiona nakata bafta alinionya niiloweke kwanza. Alisema kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, usipoutoa mapema kitakuja kukusinyaa mkononi. Nilimshukuru. Sikuiloweka. Ingepoteza mng'aro.

Jumanne, 2 Juni

Ofisi zimefungwa. Malkia anavishwa taji huko kwao, na mjini kuna gwaride na bendera. Watu wote wa bohari ninakofanya kazi wamekwenda kutazama. Mimi nimekaa barazani na sindano. Mwenzangu amepata cha kichwani bila kushona kitundu hata kimoja.

Vitundu vimebaki mia moja na zaidi. Kila kimoja unakitoboa, unakizungushia uzi, unakaza. Vidole vyangu vimetobolewa kuliko bafta.

Na kuna Ansbert. Ansbert ni mwalimu, mtu wa Bukoba, Mkatoliki, amepanga chumba kinachotazamana na changu. Aliniona nashona, akapenda, akamwomba Bi Tabu amfundishe. Anasema inamtuliza moyo baada ya darasa. Anatumia mkono wa kushoto. Bi Tabu siku ya kwanza alimcheka mpaka akashika mbavu, akasema tangu azaliwe hajaona kofia ya kushotoshoto. Sasa hamcheki. Jana alikiinua kitambaa chake kwenye mwanga akasema, mwanangu, una mkono. Changu alikiangalia akasema, haya.

Siri ya mwendo wake nimeigundua. Anaramba uzi! Mchana kweupe. Mie nimefunga, uzi wangu unachanua kama ufagio, naliwinda tundu la sindano nusu saa. Yeye anageuka pembeni kwa adabu, anaramba, anageuka tena, kisha ananiomba radhi. Hiyo radhi ndiyo inayoniudhi.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemwuliza mwalimu wa msikiti kama kuramba uzi kunafunguza. Akaniuliza kwa nini nisishone baada ya futari. Nikamwambia taa yangu ya kandili ina moshi na bafta ni nyeupe. Akasema basi nitie maji kwenye kikombe, nichovye. Jambo jepesi hivyo. Wiki tatu za mfungo nimeteseka kwa kukosa kikombe.

Ansbert ameniambia angeweza kuniramba nyuzi kumi kumi kila asubuhi aniwekee. Alisema kwa nia njema. Nilikataa. Mtu ana mipaka yake.

Jioni Bi Tabu aliniletea uji, akakaa mlangoni. Alisema jambo lile lile analolisema kila wiki: mwanangu Mfaume, panda baiskeli yako, nenda Kinondoni, fungua mdomo, sema nimekosa. Mke hafuatwi kwa kofia. Nilimjibu kwamba kila jambo lina njia zake. Akasema ndiyo, na njia ya Kinondoni ni hiyo hapo.

Jumamosi, 6 Juni

Imekwisha! Kitundu cha mwisho nimekifunga saa tisa alasiri. Nilikaa nayo mapajani nikaitazama. Kweli, ua moja limekwenda upande, na nyota za nyuma zimekuwa na ncha tano mahali, sita mahali. Lakini ni kofia. Kichwa cha mzee ni kikubwa, nami nilikipima kwa hila: alipovua kofia yake kutawadha msikitini, nikaizungushia kamba. Kipimo ni kile kile, barabara.

Nimeifua, maana ilikuwa na alama za damu ya vidole. Nimeitia wanga. Nimeifunika juu ya bakuli ikauke juani kesho. Nilimkumbuka Mauwa nikiifua. Alikuwa akifua anaimba kwa pua, bila maneno. Mwaka mzima nilikuwa namwambia aache.

Jumapili, 7 Juni

Imesinyaa.

Niliitoa kwenye bakuli nikajaribu kuivaa mimi, mwenye kichwa cha kawaida. Inakaa utosini kama kifuniko cha birika. Nilikwenda ndani nikafunga mlango. Bi Tabu, aliyeniona napita, akaendelea kupepeta mchele. Angesema ingekuwa afadhali.

Jumatatu, 8 Juni

Sijakata tamaa. Kilichosinyaa kwa maji kitapanuka kwa maji. Nilichukua boga la Bi Tabu lililokuwa jikoni, kubwa, la mviringo, nikalipima kwa ile kamba. Sawasawa na mkwe wangu. Nikailowesha kofia, nikaisukuma ikaingia, nikakaza, nikaenda kazini.

Niliporudi ilikuwa imekaukia pale na haitoki. Nikavuta. Haikutoka. Bi Tabu akaja akalitaka boga lake, la futari. Nikamwomba siku mbili. Akasema waliofunga hawafuturu kofia. Akalitia kisu boga likiwa limevaa, akalikata kwa ndani vipande vipande, kwa uangalifu, hiyo nitamshukuru daima. Kofia ikatoka ina rangi ya machungwa pembeni, na nyuzi za utosini zimekatika.

Futari ya leo ilikuwa boga la nazi. Ansbert naye alikaribishwa, akasifu utamu wake. Mimi halikunipita kooni.

Jumatano, 10 Juni

Nimeipasua nyuma nikatia kiraka cha vidole vitatu. Sasa inaenea. Lakini kiraka ni cheupe, kofia imefifia, na ikivaliwa inasimama upande mmoja tu. Nilimwonyesha Bi Tabu nikamwomba aseme ukweli. Akauliza ukweli upi, wa mwenye nyumba au wa mzazi. Nikasema wa mzazi. Akasema, mwanangu, iache.

Nilikaa nayo hadi adhana. Miezi miwili na nusu iko ndani ya kitambaa hiki. Kila kitundu nilikuwa nasema, hiki cha Mauwa, hiki cha Mauwa. Na hata mwombaji wa njiani hawezi kuivaa. Nimehuzunika kama mtu aliyefiwa, na siwezi kuweka matanga ya kofia.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeachana nayo. Nimempa Bi Tabu, ameifunikia kopo la sukari. Inaenea vizuri pale. Kupoteza kofia si kupoteza akili, na akili yangu leo imefanya kazi.

Ansbert amemaliza ya kwake. Nilimfuata nikamwambia kofia ile haina matumizi kwa Mkristo. Akasema ni kweli, alikuwa anajiuliza ampe nani. Nikamweleza shida yangu, kwa kifupi, bila mabata. Akaenda ndani, akaileta imekunjwa kwenye karatasi safi. Akasema nichukue, hataki kitu, mke ni mke. Aliomba jambo moja tu: nisimwambie mzee kwamba nimeishona mimi, maana uongo mdogo hula msingi wa nyumba. Nilimwambia nitalizingatia.

Ni kofia nzuri sana. Nilitamani nimchukie, nikashindwa, nikazidi kuudhika.

Mwezi umeandama. Kesho ni Idi.

Jumamosi, 13 Juni. Idi.

Niandike polepole.

Baada ya sala nilikwenda Kinondoni na kanzu safi. Mzee alikuwa barazani na wageni wawili. Nikashika miguu, nikampa mkono wa Idi, nikatoa karatasi. Nikasema, baba, nimekushonea.

Hakuivaa. Aliigeuza ndani nje. Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Fundi haangalii ua, anaangalia mgongo wa ua. Akapitisha kidole gumba pole pole, akawaonyesha wale wageni. Akasema aliyeshona hii anashika sindano kwa kushoto, nyuzi zote zimelala upande usio wa kawaida. Kisha akaniuliza kwa upole tangu lini mkono wangu wa kushoto umepata ujuzi huo. Akamwomba mgeni mmoja ampe sindano yake iliyokuwa imechomekwa kwenye kofia. Akanipa na kitambaa. Akasema, mwanangu, nifungie kitundu kimoja tu.

Nikakifunga. Kwa kulia. Watu watatu wananitazama na nyuma ya pazia nikisikia kuna anayepumua. Kilikuwa kitundu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kushona.

Mzee akakitazama. Akasema, huyu sasa ndiye wewe. Ya kwako iko wapi?

Nikasema iko kwenye kopo la sukari. Kisha sikuweza kuzuia, nikasema yote. Bafta nisiyoiloweka, kamba, boga, kiraka, Ansbert. Nikasema na mabata, nikasema na mafuta ya cherehani. Nikasema nimekosa. Nikasema chumba kimekuwa kikubwa na sijui nikae upande gani wa kitanda. Nililia mbele ya wageni, siku ya Idi, na kanzu safi.

Nilipofika kwenye boga niliona pazia linatikisika. Mauwa alikuwa anacheka. Kisha akatoka, amejifunga leso ya kijani, amekonda. Hacheki tena. Akaniambia hakuondoka kwa ajili ya cherehani. Cherehani ni chuma. Aliondoka kwa sababu alikuwa anaishi na mtu ambaye habari zake anazipata kwa majirani. Akasema atarudi Jumatatu kwa sharti moja: lolote nitakalolifanya, alisikie kwanza kinywani mwangu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote, Mungu ni shahidi.

Mzee akasema angeivaa ile mbovu. Angeivaa mpaka sokoni, angewaambia watu, kichwa changu kinauma lakini mkwe wangu amenishonea. Maneno hayo yalinichoma. Kisha akaingia ndani akatoka na koti lake la sufu nyeusi, alilofungia ndoa na marehemu mama Mauwa. Akanivika mabegani mbele ya wageni wale. Akasema sasa mimi ni mtoto wa nyumba ile.

Nimerudi Temeke nimelivaa njia nzima, jua kali. Nimemrudishia Ansbert kofia yake. Aliniuliza kama nilisema ukweli. Nilimwambia ndiyo, mwishoni.

Jumatatu, 15 Juni

Mauwa amerudi! Alifika adhuhuri. Chumba kina harufu ya nazi na ya mafuta yake ya nywele. Sanduku lake la bati ameliweka karibu na mlango. Nilimwuliza nimsaidie kulifungua, akasema liache kwanza, halina haraka. Anaimba kwa pua. Nilisikiliza nimekaa kitini, machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Sasa jambo la koti. Jana, kabla hajaja, nilikuwa nalitazama. Nje limefifia, mabegani limekuwa na rangi ya kutu. Lakini ndani, chini ya bitana, sufu ni nyeusi kama siku iliyotoka dukani. Mtu mwenye akili hawezi kuona hivyo akanyamaza. Koti hugeuzwa. Unalifumua lote, unageuza nje kuwa ndani, unalishona upya, linakuwa jipya. Ijumaa ningeingia nalo msikitini Kinondoni na mzee asiamini macho yake. Nimelifumua. Limetoka vipande kumi na tisa, sikudhani koti lina vipande vingi hivyo. Kola nayo imepasuka kidogo.

Jioni hii Mauwa akiwa anapakua aliniuliza koti la baba liko wapi, alitaka alitundike. Nikamwambia liko kwa dobi. Akashika upawa hewani. Akauliza dobi yupi. Nikasema wa Keko. Akasema haya, akanipa sahani yangu.

Huu si uongo wa aina ile. Uongo wa cherehani haukuwa na mwisho, huu unaisha Ijumaa. Tena kiapo kilisema nitakalolifanya, na hili nilikuwa nimekwisha kulifanya tangu jana. Nitamweleza likishakuwa tayari, atafurahi.

Sanduku bado liko mlangoni, nalo limefungwa. Nadhani anangoja nimpe nafasi ya kuliweka. Nitalisukuma uvunguni, nikishapata mahali pengine pa kuficha vipande.