Mkanda Uliolala Saunani

Jumatatu, 17 Machi

Pikipiki ya theluji ya shemeji Oiva imefika kilomita 138 kwa saa juu ya ziwa lililoganda. Amesema hayo Hilkka, mke wangu, aliyeambiwa na Oiva mwenyewe, ambaye ni kaka yake na kwa hiyo si chanzo huru. Nikaenda kuhakikisha kwa Kauko wa kituo cha mafuta, anayeshika kipima mwendo cha klabu. Amethibitisha. Yangu: 129.

Jumamosi tunashindana. Mshindi anapata zamu ya kwanza ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, kwa mwaka mzima. Marehemu baba mkwe alijenga sauna moja tu, ufukweni, katikati ya nyumba zetu mbili. Oiva na watu wake huingia mvuke ukiwa mkali. Sisi hurithi mawe ya vuguvugu na matawi ya mti wa mbetula ya kujichapia, yaliyokwisha kupukutikia migongoni mwao. Namshukuru baba mkwe kwa kuijenga. Angejenga mbili ningemshukuru zaidi.

Siri iko kwenye klachi. Injini ikizunguka, vyuma vitatu vya uzito hufunguka na kuubana mkanda, na mkanda ukibanwa pikipiki huenda. Vyuma vikiwa vyepesi, injini hupata kasi zaidi kabla ya kushika. Basi leo nimevipiga tupa. Nimevipima kwenye mizani ya unga ya Hilkka. Namshukuru kwa mizani. Hajui.

Jumanne, 18 Machi

Anajua. Mkate una vumbi la chuma.

Majaribio: 117! Injini ililia mpaka mbwa wa Kauko akaingia chini ya gari na kukataa kutoka. Pikipiki yenyewe haikuwa na habari. Nilipunguza mno. Oiva akapiga simu kuuliza kama ninasaga nyama.

"Maana huku madirisha yanatetemeka, shemeji."

Nikamjibu kwamba haya ni majaribio ya kitaalamu. Akanipa pole kwa utaalamu.

Chuma kilichopigwa tupa hakirudi. Nimekichunguza sana. Hakirudi.

Jumatano, 19 Machi

Kauko amenipa springi ngumu kutoka droo yake, bure. Mtu mwema. Alieleza kwamba springi ngumu huizuia klachi isishike mapema. Husubiri injini ipande, kisha hushika yote kwa mpigo. Neno "kwa mpigo" alilirudia. Nililisikia mara ya kwanza tu.

Nilikuwa nimemwahidi mama mkwe, Bi Aune, kumpeleka kwenye tundu lake la kuvulia samaki katikati ya ziwa. Akaketi kwenye sleji ya kukokotwa nyuma yangu, kikombe cha kahawa mkononi. Nikatia mafuta. Haikusogea. Nikaongeza. Pikipiki ikaruka kama imeumwa na nyuki.

Nilipofanikiwa kusimama, mbali ziwani, niligeuka kumuuliza kama yu salama. Hakuwepo. Alikuwa palepale mlangoni kwake, kwenye sleji, pini ya kuunganishia imekatika, kahawa haijamwagika.

"Nenda tu, mwanangu!" akapaza sauti. "Mimi nimeshafika."

Hakuumia. Nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Springi nimeitoa.

Alhamisi, 20 Machi

Kauko amepata vyuma vipya vyenye uzito unaotakiwa na kunisaidia kuvifunga, springi ya zamani ikiwa mahali pake. 136! Zimebaki kilomita mbili tu.

Wakati tunafunga boliti, Kauko alisema kwamba mkanda wa baridi huwa mgumu na huteleza mwanzoni, na wenye joto hushika vizuri. Yeye aliishia hapo. Mimi sikuishia hapo.

Ijumaa, 21 Machi

Bi Aune amewasha sauna tangu mchana. Sikuuliza kwa nini. Mwandishi wa gazeti la wilaya kama mimi anajua lini aache kuuliza. Nimeutundika mkanda kwenye kona yenye joto kuliko zote, karibu na mawe. Kesho Oiva atakuja na mkanda mkavu kama gome. Wangu utakuwa umelala pazuri kuliko mimi.

Bi Aune aliuliza kama lazima kitu changu kikae pale, kwa kuwa naye ana vyake vya kutundika kwenye ufito wa juu. Nikamwambia, mama, juu ni kwako, chini ni kwangu. Akakubali. Ni bahati kupata mama mkwe mwenye ushirikiano.

Jumamosi, 22 Machi, asubuhi

Mkanda una joto. Umelainika. Unang'aa! Hata unanukia vizuri. Nimeuzungushia sweta ya sufu usipoe njiani.

Jumamosi, jioni

Matokeo rasmi, kwa mujibu wa Kauko. Oiva: 139. Mimi: 41.

Bendera ilishuka, Oiva akapotea. Injini yangu ilinguruma, klachi ikaubana mkanda, mkanda ukateleza. Moshi ukatoka. Moshi wa soseji. Upepo ukaupeleka kwa watazamaji, wakaacha kumwangalia Oiva. Mzee mmoja akanijia kuuliza foleni inaanzia wapi. Haradali alikuwa nayo tayari.

Bi Aune alikuwa ametundika soseji za watazamaji juu ya mkanda wangu, zikadondosha mafuta mpaka asubuhi. Nilipomuuliza, alishangaa.

"Si ulisema chini ni kwako?"

Oiva alirudi. Hakucheka mpaka alipomaliza kuifunga pikipiki yangu kamba. Akanivuta hadi nyumbani polepole, ili theluji isinirukie usoni. Kisha akanipa mkanda wake wa akiba.

"Shika, shemeji. Huu haujapikwa."

Nilidhani tumemaliza. Akasema leo hakuna zamu, tuingie wote. Tukaingia, bega kwa bega kwenye benchi la juu, mimi na Hilkka, Oiva na watu wake. Bi Aune akamwagia mawe maji. Mvuke ukatuvamia masikio. Mvuke wa kwanza! Nikasema asante. Nikairudia. Oiva akaniomba ninyamaze, ninapoza mawe.

Jumapili, 23 Machi

Mvuke wa jana hauhesabiki. Nilipewa, sikuushinda. Nimemwomba Oiva marudio, amekubali kabla hata ya kumeza kahawa.

Mkanda alionipa umekaa sawasawa. Mkanda mzuri, kutoka kwa mtu mzuri. Una kasoro moja tu: ni wa baridi.

Safari hii nimefanya uchunguzi kwanza. Nimemhoji Bi Aune. Amethibitisha kwamba wiki hii hatatundika soseji hata moja saunani. Ni samaki tu, wale wanono wa ziwani. Nimemshukuru.

Mkanda unaingia saunani Ijumaa, saa tisa alasiri. Marudio ni Jumamosi, 29 Machi, saa sita mchana.