Tisa Hawezi Kukaa Chini ya Moja

Gari la serikali lilikuwa limeshatoka Milimani, kipaza sauti kikinguruma juu yake: kuanzia leo, hakuna mwananchi anayeruhusiwa kuweka alama kwenye vitufe vya simu yake bila idhini ya Idara ya Ulinganifu wa Vitufe. Ndani alikaa Afisa Wakoli, stika rasmi elfu nne mapajani, moyo umemjaa uzalendo.

Alianzia kwa Benta, muuza samaki wa Nyalenda. Kabambe yake, simu ile ndogo ya vitufe, ilikuwa imefutika namba zote, na macho yake yenyewe yalishachoka, basi aliipaka rangi ya kucha. Doa jekundu, ukilishikilia, linampigia Oluoch mvuvi. La bluu, pastor.

"Mama, hii ni simu ama ni harusi?"

"Ni kazi, bwana. Saa nne ikipita sijampigia Oluoch, samaki yangu anapewa watu wa Mamboleo. Na sai imebaki dakika kumi."

"Serikali haichelewi, Mama."

Akasugua madoa kwa thina ya kuyeyushia rangi, akabandika stika. Kamati ilikuwa imekaa miezi minane katika hoteli ya ufuoni ikijadili mpangilio, ikaamua namba zikae kwa vyeo: tisa juu kabisa, moja chini.

"Omera, ndugu yangu, tangu lini moja ikaenda huko chini?"

"Tisa ni mkubwa, Mama. Hawezi kukaa chini ya moja. Oluoch ni namba ngapi?"

"Mbili."

"Haya, shikilia mbili."

Benta akashikilia mbili rasmi, iliyobandikwa pale palipokuwa na doa la bluu. Pastor akapokea, akafurahi, akaanza maombi. Alikuwa bado akiwaombea wajane wa Nyando saa nne ilipopita.

"Leta yako basi!" Benta akafoka. "Pigia Oluoch na yako!"

Simu ya Wakoli, kama za ofisi nzima, ilibandikwa stika mapema ili kuonyesha mfano. Ikadai namba ya siri. Kidole kilijua njia, lakini macho yalitii kamati. Akakosea mara tatu kwa utiifu, simu ikajifunga.

"Wacha nimpigie Mkurugenzi," akanong'ona.

"Na nini?"

Samaki wa siku ile walienda Mamboleo. Benta alibandua stika kwa kisu cha magamba, akapaka rangi yake upya, na kesho yake akapata mzigo. Mkurugenzi Gordon wa Idara, ambaye simu yake nayo ilijifunga, alinunua laini mpya, akaja Nyalenda na suti yake, akapanga foleni kwa Benta nyuma ya akina mama, simu yake ikawekewa doa la waridi. Wakoli alipandishwa cheo. Idara iliamriwa ivunjwe, ila agizo lazima lithibitishwe kwa simu ya ofisi, na simu zote za ofisi zimejifunga. Maafisa bado wanaripoti kila asubuhi, wanazizunguka mezani, wanasubiri zilie.