Habari za Timazi na Kikombe Kilichokataa Kusimama

Sogeeni, enyi mnaokaa katika nyumba zisizokwenda popote. Punguzeni redio, epueni masufuria yasije yakaungua mkanilaumu mimi, kwani habari ninayoileta haijapata kusikiwa tangu gurudumu la kwanza lilipoviringika. Nawe ulimi wangu, uliyeniponza mara nyingi mbele ya mawifi, leo nifae japo mara moja, tumsifu Timazi, mwana wa zege na mjukuu wa mchanga, mnyoosha kuta, mtia adabu sakafu, mwashi aliyewajengea watu nyumba kwa miaka arobaini na isionekane hata moja iliyopinda, ambaye pia ni mume wangu, kwa hiyo nisipomsifu mimi sijui atasifiwa na nani.

Ilikuwa hivi. Baada ya kuutundika mwiko wake ukutani, shujaa huyu aliamka asubuhi moja, akaitazama nyumba yetu kama mfalme aonavyo mji aliokwisha kuuteka na kuuchoka, akanena.

"Bibi, nyumba humtazama mtu akizeeka, isiseme kitu. Mimi sitaki kutazamwa. Nataka nyumba ambayo tukipachoka mahali, naikanyagia mafuta tunaondoka."

"Na bafu?" nikamwuliza.

Akaenda kutafuta viatu vyake, kwani mashujaa hawaulizwi habari za bafu.

Basi likaja gari. Lilikuwa gari la mkate, refu la kimo, jeupe, lililokwisha kustaafu kama yeye, na harufu ya mkate haikulitoka hata tulipolisugua kwa sabuni ya unga mara nne. Timazi akaliegesha katika ua wetu, ule ua alioumimina kwa mikono yake mwenyewe mwaka tuliooana, na kwa wiki tatu akawa ndani yake na msumeno, nami nikisikia nyundo na kukohoa. Akajenga kitanda upande wa kulia. Akajenga rafu za masufuria. Mwisho akajenga meza, taji la kazi yake yote, na juu ya meza hiyo akaliweka pimamaji lake, ule mti wa waashi wenye kichupa cha maji katikati, na kile kiputo kidogo cha ndani kikatulia katikati kabisa ya mistari miwili kama mtoto aliyeshiba. Akaniita nikione. Nikakiona. Akaniita tena.

Kisha akaitangaza sheria: "Kutoka nyumba hii hakipandi kitu humu, isipokuwa kinachopika, kinachofunika, na dawa za magoti yako."

Lakini hapana shujaa asiye na wa kumpinga, na wa kwetu alitoka tumboni mwangu. Binti yetu ni muuguzi wa wodi ya wanaume, mahali ambapo mababa wazima hunyamaza yeye akiinua kidole tu. Alikuwa ametuandalia kwake chumba cha nyuma, kitanda chenye kingo za chuma tusianguke, na televisheni ya kututazama sisi tukisinzia. Asubuhi ya kuondoka alisimama getini na viatu vyake vya kisigino, mikono kiunoni.

"Baba, humo hata kikombe cha chai hakitakaa."

"Kitakaa," akasema Timazi, "na utakinywa."

"Haya. Leo saa kumi nakuja huko mtakakosimama. Nikikuta chai imekaa mezani kama chai ya watu, sitasema tena neno. Isipokaa, mnapanda taksi na mimi leo hii hii, na gari linarudi kwa waokaji."

"Neno la baba yako."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Mimi ni abiria tu."

Tukaondoka. Adhuhuri tukafika kwenye kiwanja kipana kando ya barabara, kilichosawazishwa na matingatinga na kufagiliwa hadi kokoto ya mwisho, na mlinzi wake akaturuhusu tusimame, akatuuliza kama mkate ni wa leo. Timazi akatazama huku na huku. Pakampendeza, nami nikampigia binti simu kumweleza tulipo. Pale ndipo palipoandikwa kuwa uwanja wa vita.

Nikachemsha chai. Nikamimina kikombe cha kwanza, nikakiweka mezani. Kikombe kikasita kidogo, kisha kikaanza kwenda kushoto, kuelekea mlangoni, taratibu, kama mgeni anayetaka kuondoka asimuage mwenyeji. Timazi akakidaka ukingoni, akaungua vidole, akasema ardhi ndiyo yenye makosa. Akaliwasha gari, akalisogeza mbele hatua kumi. Nikamimina tena. Cha pili hakikusita hata kidogo, kiliondoka na chai yake yote kikajitupa sakafuni kishujaa, kikafa pale pale, mkono wake huku na tumbo lake kule. Akalisogeza gari mpaka mwisho wa kiwanja, akaligeuza, akalirudisha, na kila tuliposimama alitokea mtu dirishani.

"Mkate umebaki?"

"Hatuuzi mkate," alinguruma simba wa saruji.

"Sasa mbona unanukia?"

Ikabaki nusu saa kufika saa kumi. Ndipo Timazi alipofanya jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kama si kiburi: akalitoa pimamaji ndani ya kitambaa chake. Akaliweka sakafuni, kiputo kikakaa katikati. Ardhi haikuwa na kosa, wala gari. Akaliinua, akaliweka mezani, na kiputo kikakimbilia upande wa kulia kikajibanza huko kama mwenye deni aliyesikia hodi.

Wapenzi wasikilizaji, mume wangu nimemwona akivunjika mguu juu ya jengo, na nimemwona akimzika kaka yake. Sijapata kumwona akiweka kiganja juu ya ubao namna ile, polepole, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nimepinda, bibi," akasema. Hakunguruma. "Za watu wote zimenyooka, ya kwangu ndiyo iliyopinda. Mtoto ana haki. Anza kukunja nguo."

Nami niseme kweli, jambo hili nilikuwa nimelitambua tangu kikombe cha kwanza. Lakini mke mwenye akili humwachia mume vikombe viwili. Cha tatu ndicho chake.

"Mzee," nikamwambia, "ule ua wetu aliumimina nani?"

"Mimi. Unauliza nini sasa?"

"Uliumimina sawa?"

"Sawa vipi? Ua ukiwa sawa maji ya kufulia yanatuama, mbu wanazaana. Niliuinamisha kulia, maji yaende kwenye mfe..."

Neno mfereji halikufika mwisho. Lilibaki mdomoni mwake, nusu nje nusu ndani.

"Sasa gari lilikuwa limeinama juu ya ua wako," nikasema, "na wewe ukaijenga meza ikawa sawa humo humo. Haijapinda hata chembe. Ila bado iko nyumbani."

Akakaa kitandani. Akacheka kidogo, kisha akaacha, kwani aliiona saa.

"Basi ni kuinua upande wa kushoto. Tofali moja kila gurudumu. Lakini matofali tutayapata wapi? Kiwanja chote hiki hakina hata jiwe la kumpigia mbwa."

Hapo nikaona vema kuyatazama magoti yangu. Kisha nikainama chini ya kitanda, nikavuta bunda lililofungwa ndani ya blanketi, nikalifungua. Walikuwamo ndugu wawili wa udongo wa kuchoma, wamelainika juu kama sabuni iliyotumika: yale matofali mawili ya mlango wa nyuma, tuliyoyakalia kila asubuhi tukinywa chai, langu na lake, tangu kabla binti yetu hajaota meno.

Timazi akayatazama. Akanitazama.

"Bibi. Nilisemaje kuhusu vitu vya nyumba ile?"

"Ulisema kinachofunika. Haya yamefunikwa."

Hapakuwa na wakati wa kesi. Nikashuka, nikaliweka langu nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, na lake nyuma ya gurudumu la nyuma, naye akashika usukani kama anayeshika hatamu za farasi elfu.

"Njoo," nikaita. "Njoo. Usinitazame mimi, tazama kioo. Njoo kidogo. Kidogo ni kidogo, mzee, si hivyo. Tena. Hapo hapo, usipumue."

Gari likaguna, likapanda, likatulia limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Na ndani, juu ya meza, kiputo kikatoka mafichoni, kikatembea kwa adabu, kikasimama katikati ya mistari yake miwili.

Saa kumi kamili taksi ikasimama. Nilikuwa ndiyo kwanza nimimine. Binti yetu akaingia kwa mlango wa kushoto, na sakafu, ambayo sasa ilikuwa mlima, ikampokea kwa heshima ikampeleka hatua tatu za haraka mpaka kitandani, akajikuta amekaa kabla hajakaribishwa.

"Mbona sakafu imeinama?"

"Ni viatu vyako," nikamwambia.

Lakini yeye alikuwa akikitazama kikombe. Kilijaa mpaka ukingoni, nilikijaza hivyo makusudi, na chai ilikuwa imetulia juu yake kama kioo, haitetemeki, haiendi popote. Tukakaa watatu tukikitazama. Shujaa alikuwa amefumba jicho moja, kama afanyavyo akipima ukuta.

Binti akakinyanyua, akanywa mpaka nusu, akakirudisha mezani. Kikakaa.

"Sukari kidogo tu," akasema. "Ya pili weka sukari kidogo tu."

Jua lilipopoa alishuka, akalizunguka gari akilikagua kama mgonjwa aliyelazwa. Nikamwona amesimama kwenye gurudumu la mbele. Akaligusa tofali kwa ncha ya kiatu, akalijua, maana hata yeye alijifunzia kusimama akilishika lile. Kisha akafungua mlango wa taksi, akageuka.

"Jumapili nitakuja tena," akasema. "Nitavaa ndala."

Na iandikwe hivyo popote yaandikwapo makubwa ya dunia, chini ya kuanguka kwa ngome na juu ya ndoa za wafalme: kwamba siku hiyo, alasiri, katika gari la mkate lililoinama, kikombe kilisimama. Timazi alisimama mlangoni amejishika kiuno, akitazama taksi ikiishia barabarani, na mlinzi wa kiwanja alipokuja tena kuuliza, shujaa alimjibu kwa upole wa mshindi.

"Mkate hatuna, ndugu yangu. Lakini chai ipo, na ina pa kukaa."